Tausi, Okapi na Safu ya Mwisho

Msitu wa Maiko, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, unashuka hadi jirani na Lubutu, pale barabara ya Kisangani inapopita kuelekea Walikale na Bukavu. Katika msitu huo, kwenye nchi ya hekaya, wanyama walikuwa na kituo chao cha afya: nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa majani, benchi refu mlangoni, mzani wa watoto uliofungwa kwenye tawi, na kabati la dawa lililokuwa nusu tupu siku zote. Muuguzi mkuu alikuwa Okapi.

Okapi ni mnyama wa haya. Hata wazaliwa wengi wa Lubutu hawajawahi kumwona kwa macho. Mama Okapi hakuwa msemaji. Kazi yake aliifanya kwa masikio yake makubwa na kwa daftari lake. Alilichora mistari mwenyewe, na kila mgonjwa aliandikwa humo: jina, umri, kijiji, ugonjwa, alichopewa. Ukingoni mwa ukurasa palikuwa na safu moja zaidi ambayo vituo vingine havikuwa nayo. Safu hiyo ilijazwa baada ya mwezi mmoja, na swali lake lilikuwa fupi: yu hai? Kuijaza kulikuwa kazi ngumu. Aliyepona ana shamba lake la kulima, hana sababu ya kurudi; aliyefia nyumbani harudi kabisa. Basi Mama Okapi alituma vijana wapite vijijini, hadi Obokote, hadi ng'ambo ya mto Lowa, wakaulize mlango kwa mlango.

Papa Nyati, aliyefanya kazi kituoni tangu kabla Okapi hajazaliwa, hakuipenda safu hiyo. "Sisi kazi yetu ni kutibu," alisema, "si kuhesabu makaburi."

Mwaka mmoja ukazuka upele. Ulianzia kwa kindi, ukahamia kwa kima, kisha ukaingia kwa kila aliyelala nao nyumba moja: homa, tezi za shingo kuvimba, malengelenge usoni na viganjani. Wanyama wakaogopa, na mahali penye hofu muuzaji hakawii. Siku hiyohiyo Tausi akarudi kutoka semina Kisangani. Manyoya yalimetameta kwa rangi ya samawati na kijani, mkoba mpya ulining'inia bawani, na ndani ya mkoba mlikuwa na chupa za vidonge.

"Wenzangu," aliliambia baraza, "nimewapa kima thelathini dawa hii. Wote thelathini, upele umekauka ndani ya majuma matatu. Atakaye ushahidi awatazame nyuso zao."

Kima walisimama mstari mmoja, nyuso laini. Baraza likapiga makofi. Juu ya mti Kasuku aliidaka habari, akaanza kuirudia, "Thelathini kwa thelathini! Thelathini kwa thelathini!" na kabla ya jua kuzama ilikwisha kufika upande wa Walikale.

Mama Okapi akanyoosha shingo. "Papa Tausi, karibu, na pole na safari. Naomba kuuliza. Kima ambao hawakupewa dawa hii, upele wao ulichukua siku ngapi?"

"Kwa nini nimnyime mgonjwa dawa? Mgonjwa haulizwi uji."

"Sikusema umnyime. Nauliza kama yupo hata mmoja uliyemhesabu."

Hakuwapo. Hapo Mama Paa, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe mkubwa aliugua upele huohuo kwao Lowa, mahali ambapo dawa haikufika, na ulikauka ndani ya majuma matatu vilevile. Papa Nyati akamkalisha. "Mtoto mmoja si utafiti, mama."

Papa Nyati alisema kweli. Mtoto mmoja si utafiti. Lakini kima thelathini wasio na wenzao wa kulinganishwa nao si utafiti pia, na hilo hakuna aliyelisema barazani. Ugonjwa unaopona wenyewe humpa heshima yeyote aliyekuwa karibu ulipokuwa ukipona, awe mwenye kidonge, mwenye hirizi au mwenye maji ya uvuguvugu. Hapa ndipo vituo vingi vya afya hukwama, vya wanyama na vya wanadamu, kwa sababu macho huona waliotibiwa peke yao. Wasiotibiwa hawasimami mstarini.

Mama Okapi aliuliza jambo jingine: mkoba ule ulitoka wapi? Tausi hakuficha. Waliompa ni wenye kuzitengeneza hizo dawa, na posho ya semina ilitoka kwao. "Hilo halifanyi maneno yako kuwa uongo," Okapi akamwambia kwa upole. "Linanifanya niyasome mara mbili."

Baraza likaamua kungoja. Aliyengojewa ni Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na mbawa zinazovuma zikipita juu ya miti. Yeye huruka mbali kuliko wote. Siku ya tatu akatua, akitokea kusini mwa jimbo la Maniema, Tunda, katika eneo la Kibombo.

"Wanadamu wamekuwa na swali lilelile," akasema. "Ugonjwa wao wanauita mpox, na dawa waliyoitumainia inaitwa tecovirimat. Ilitengenezwa kwa ajili ya ndui. Mwaka 2018 Marekani iliiruhusu itumike dhidi ya ndui bila hata mgonjwa mmoja wa ndui kuwahi kutibiwa nayo, maana ndui ilikwisha kutokomezwa duniani. Ushahidi wa kwamba inaponya ulitoka kwa nyani na sungura waliofungwa vizimbani, na ushahidi wa kwamba haidhuru ulitoka kwa watu wazima wenye afya njema."

Kima mmoja akainuka kwa fahari. "Jamaa zetu! Na walipona?"

"Walipona," Hondohondo akajibu. "Ndiyo maana madaktari wengi walikuwa na hakika kwamba itafaa Kongo. Lakini wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoko Kinshasa, pamoja na taasisi ya utafiti ya serikali ya Marekani, hawakuridhika na hakika hiyo. Mwezi wa Oktoba 2022 walianza kazi Tunda, na Kole kule Sankuru. Waliwaandikisha watu 597, watoto kwa wakubwa, kila mmoja kwa ridhaa. Kisha wakapiga kura. Ilipowaangukia hawa, walipewa tecovirimat. Ilipowaangukia wale, walipewa kidonge kilichofanana nayo kwa sura lakini kisicho na dawa. Muuguzi hakujua anampa nani kipi, wala mgonjwa hakujua anameza kipi. Wote walilazwa siku zisizopungua 14, wakalishwa, wakasafishwa vidonda, wakatibiwa na maradhi mengine waliyokuja nayo."

"Kwa nini kura?" Mama Paa akauliza. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Mama Okapi akamjibu mwenyewe. "Mama Paa, mimi nikiachiwa kuchagua, nitampa dawa yule ambaye moyo wangu umemhurumia. Huenda ni aliyefika mapema, ana mama wa kumpikia, bado ana nguvu. Halafu akipona nitasema dawa imemponya. Kura haina moyo wala macho. Inawagawa wenye nguvu na wanyonge pande zote mbili. Tofauti ikitokea baadaye, nitajua imetoka kwenye dawa, haikutoka kwenye huruma yangu."

"Na ilitokea?" Nyati akauliza.

"Matokeo yalitangazwa Agosti 2024," Hondohondo akasema. "Vidonda vya waliomeza tecovirimat havikukauka mapema kuliko vya wale wengine. Dawa haikuwadhuru, ila haikuwaponya haraka zaidi."

Baraza likanyamaza. Kima aliyesimama akaketi. Tausi alikunja manyoya yake, na katika kimya hicho Hondohondo akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: katika pande zote mbili za utafiti, waliokufa walikuwa 1.7 kwa kila mia, ilhali vifo vya mpox vilivyoripotiwa kwa nchi nzima vilikuwa 3.6 kwa mia au zaidi.

Papa Nyati akaruka kwa furaha. "Mnaona? Kitanda, chakula na kusafisha vidonda! Hicho ndicho tulichofanya siku zote. Hatuhitaji mikoba ya Kisangani!"

Mama Okapi alikuwa na kila sababu ya kufurahi naye, maana kitanda na uji ndivyo alivyokuwa navyo. Akatikisa kichwa. "Papa, mimi pia natamani iwe hivyo, na kwa sababu natamani, nitauliza kwa nguvu zaidi. Waliolazwa Tunda waligawanywa kwa kura baina yao wenyewe. Hawakugawanywa kwa kura na wale walioachwa nyumbani. Aliyefia njiani kabla ya kufika Tunda huenda amehesabiwa kwenye 3.6, hawezi kuhesabiwa kwenye 1.7. Naamini uangalizi mzuri unaokoa, na kesho nitaongeza vitanda na uji. Lakini kiasi gani unaokoa, hesabu hii haitoshi kuniambia."

Kumhoji muuzaji wa dawa mpya ni rahisi, kila mtu hupenda kumwona Tausi akikunja mkia. Kuihoji habari inayosifu kazi yako mwenyewe, mbele ya wenzako wanaoshangilia, ndiko kunakomtofautisha muuguzi anayefikiri na mbishi wa kawaida.

Upele ukapita. Zikaja mvua, na mvua za Lubutu zikija huja na mbu. Watoto wakaanza kuletwa wakiwa na homa kali, wengine wakitetemeka kwa degedege, wengine wamezimia migongoni mwa mama zao. Safari hii mgomvi hakuwa Tausi. Alikuwa Papa Nyati mwenyewe.

Nyati alikuwa ametibu malaria kali kwa kwinini maisha yake yote. Alijua kuipima kwa jicho, alijua kuiacha ishuke polepole kwenye serumu, maji ya mshipani, kwa saa nne, alijua kukaa macho usiku akingoja sukari ya mtoto isishuke ghafla. Aliposikia kwamba kuna sindano iitwayo artesuneti, alikasirika. "Kwinini imewalea baba zenu. Mkiniletea kila jipya linalotoka mjini, kesho nitamtupa na mama yangu."

Hondohondo akaleta habari nyingine. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa AQUAMAT. Watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo, pamoja na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwa kura, wengine kwinini, wengine artesuneti. Katika waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa mia. Katika waliopewa artesuneti walikufa 8.5 kwa mia.

Tausi, ambaye alikuwa amejifunza hesabu za semina, alidakia mara moja. "Vifo vimepungua kwa zaidi ya asilimia 22! Karibu robo!" Kasuku akaanza: "Robo! Robo!"

Nyati akacheka kwa dharau. "Kumi na moja kasoro, nane na nusu. Tofauti ni wawili na kitu katika mia. Kwa wawili hao mnataka niache dawa ya maisha yangu?"

Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na hapo ndipo msikilizaji asiye makini hupotea. Tausi alipima punguzo kwa kulilinganisha na vifo vyenyewe, Nyati alilipima kwa kulilinganisha na wagonjwa wote walioingia. Jambo ni lilelile. Anayetaka kukuuzia atakupa namba kubwa, asiyetaka kubadilika atajipa namba ndogo. Muuguzi anatakiwa azidai zote mbili, kisha azipeleke kwenye benchi lake mwenyewe.

Mama Okapi alifanya hivyo. Alifungua daftari, akafuata safu ya mwisho kwa kwato, ukurasa kwa ukurasa. "Papa," akasema, "sindano hii nikiwapa watoto arobaini na mmoja wenye malaria kali badala ya kwinini, mmoja ambaye angekufa anaishi. Tuhesabu pamoja msimu mmoja wa mvua tunapokea wangapi." Wakahesabu. Nyati aliyajua yale majina. Wengine aliwabeba yeye mwenyewe hadi barabarani. Okapi akaendelea kwa sauti ileile: degedege na kushuka kwa sukari vilikuwa vichache zaidi kwa waliopewa artesuneti, na sindano yake haihitaji mtu akeshe saa nne akichunga matone, jambo ambalo kituo chenye wauguzi wawili na taa moja kinalihitaji sana.

Papa Nyati alikaa kimya kwa muda. Kisha akaenda mwenyewe kabatini, akasogeza chupa za kwinini nyuma, akaacha nafasi mbele. Hakuzitupa. Artesuneti ingeweza kukatika barabara ikiharibika, na siku hiyo kwinini ingekuwa bora kuliko mikono mitupu.

Wapo wanaodhani kufikiri kwa makini juu ya tiba maana yake ni kukataa. Wanajivunia kutoamini kitu, na wagonjwa wao wanalipia fahari hiyo. Ushahidi mzuri ukija, shaka imemaliza kazi yake na sindano inapaswa kubadilika siku hiyohiyo.

Jambo la tatu lilikuwa gumu kupita yote, kwa kuwa halikuwa na mbishi. Baraza zima lilikubaliana.

Watoto walioletwa wakiwa hoi, mikono na miguu baridi, moyo ukienda mbio, pumzi za taabu, kila mtu alijua dawa yao: serumu, na iingie haraka. Tausi aliamini hivyo, Nyati aliamini hivyo, na hata Okapi. Mama za watoto waliamini kuliko wote. Katika nchi ile, mtoto asiyewekewa serumu huhesabiwa kuwa hajatibiwa. Na macho yaliwathibitishia. Ndani ya saa moja mikono ilipata joto, mashavu yalirudiwa na rangi, mama alilia kwa furaha. Nani angeuliza kitu hapo?

Aliyeuliza ni daftari. Mama Okapi, akijaza safu ya mwisho, aliona kwamba baadhi ya watoto waliopata joto jioni hawakuiona kesho yake. Hakujua sababu. Huenda walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Alimwomba Hondohondo aruke mashariki, hata kama ni mbali.

Hondohondo alirudi baada ya siku nyingi, manyoya yamechakaa. Alikuwa amefika Mbale na Soroti, Lacor na Mulago kule Uganda, Kilifi kwenye pwani ya Kenya, na Muheza upande wa Tanga. Katika hospitali hizo, akasema, wanadamu walifanya utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili zilezile za mikono baridi, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria, waligawanywa kwa kura. Makundi mawili yalitiliwa maji ya haraka mshipani, ya aina mbili tofauti. Kundi la tatu lilipewa dawa na maji ya kawaida ya polepole, bila mkupuo.

"Baada ya saa moja," Hondohondo akasema, "waliotiliwa kwa haraka walionekana nafuu kuliko wenzao. Kama mlivyoona hapa."

"Nilijua!" Tausi akasema.

"Baada ya saa 48, waliotiliwa kwa haraka walikuwa wamekufa 10.6 kwa mia katika kundi moja na 10.5 kwa mia katika jingine. Wasiotiliwa, 7.3. Baada ya majuma manne tofauti ilikuwa ipo bado. Mwezi wa Januari 2011 kamati ya usalama iliusimamisha utafiti kabla haujamalizika, maana hapakuwa na haki ya kuendelea."

Hakuna aliyetamka neno. Hata Kasuku hakuwa na cha kurudia. Watatu zaidi katika kila mia, waliouawa na jambo ambalo kila mmoja pale alilifanya kwa upendo, na ambalo kila mmoja aliliona kwa macho yake likifanya kazi. Mimi mwandishi sijui habari nyingine ya tiba katika Afrika Mashariki inayostahili kukumbukwa kuliko hii. Hospitali hizo hazikuwa za ng'ambo zenye mashine za kupumulia. Zilikuwa na vitanda vya watu wawili wawili na umeme wa kukatika, kama zetu. Kwa miaka mingi mkupuo ule ulikuwa umefundishwa kuwa ndio tiba. Na dalili iliyopimwa kuhakikisha kwamba mtoto anaendelea vizuri, joto la mkono na kasi ya moyo, ilikuwa ikitoa jibu zuri wakati mtoto anaelekea kaburini.

Hofu ikageuka. Mama Paa alisimama, mara hii mbele, akadai serumu zote zitupwe mtoni leo. Wengi wakamuunga mkono. Ndoo zikaletwa.

"Subirini," Mama Okapi akasema. "Hondohondo, watoto wenye kuhara walikuwamo katika utafiti huo?"

"Hawakuwamo. Wenye kuhara na kutapika waliokaukiwa waliachwa nje tangu mwanzo. Wenye utapiamlo mkali pia, na walioungua."

"Basi mtoto aliyekaukiwa kwa kipindupindu hamumnyimi maji kwa sababu ya jibu lililopatikana kwa mtoto mwingine. Huyu anakufa kwa kukosa maji. Akiweza kunywa, apewe maji ya chumvi na sukari kinywani. Asipoweza, apewe ya mshipani. Tulichojifunza ni juu ya mtoto mwenye homa kali na mikono baridi asiyehara. Huyo asijazwe maji kwa mkupuo. Apewe dawa ya malaria, damu kama ameishiwa, na aangaliwe usiku kucha."

Ilibidi aseme hivyo mara nyingi msimu ule, kwa kila mama aliyefika akidai serumu. Hakuwasomea namba zote. Alikaa nao benchini, akawauliza wanaogopa nini, akawaambia kwa maneno yao: maji haya yangemfanya mwanao apendeze macho yetu jioni, na mimi namtaka kesho. Wengine walikubali. Mmoja alimbeba mtoto wake akampeleka kwa Tausi, aliyekuwa bado na chupa za kuuza. Mama Okapi aliwatuma vijana wamfuate hadi nyumbani, kwa sababu jina la mtoto yule lilikwisha kuandikwa daftarini na safu yake ilikuwa bado wazi.

Mwisho wa mvua Hondohondo alileta habari ya kidonge cha artesuneti kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa, kwa mtoto aliye mbali na kituo, ili kimsaidie njiani. Utafiti wa zamani, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha faida kwa watoto waliohitaji zaidi ya saa sita kufika panapotolewa sindano. Lakini kilipogawiwa kwa maelfu kati ya 2018 na 2020 katika Kongo, Nigeria na Uganda, vifo havikupungua. Watoto wengi walipewa kidonge lakini hawakufikishwa kituoni; wengine walifika lakini hawakumaliziwa dawa. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi zisikisambaze zaidi kwanza, na baadaye likatoa maelekezo ya masharti ya kukitumia. Mama Okapi aliona mara moja kwamba habari hii ya pili haikutokana na kura, ilitokana na kulinganisha kabla na baada, na alisema hivyo. Hata hivyo aliichukua kwa uzito, kwa sababu aliijua barabara yake. Aliamua kwamba kijiji chochote kitakachopewa kidonge hicho kitapewa kwanza baiskeli na mtu wa kuiendesha hadi kituoni.

Hekaya inaishia hapo. Watu 597 wa Tunda na Kole si hekaya. Waliweka miili yao kwenye kura ili swali moja lipate jibu, na miongoni mwao wamo watu wa Maniema. Jibu hilo limechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo muuguzi wa Lubutu hayapati. Wenye kuongoza tafiti, na wenye kuongoza afya ya jimbo, wana deni: lifikisheni Lubutu, Punia, Kasongo na Kibombo, kwa Kiswahili, katika karatasi moja inayoweza kubandikwa ukutani, likiwa na namba za pande zote mbili. Nanyi wauguzi, ongezeni safu ya mwisho katika madaftari yenu, hata kama hakuna mkaguzi anayeidai. Na wewe mzazi unayesoma haya, una haki ya kumuuliza anayeshika sindano: waliopewa hii na wasiopewa, ilikuwaje kwao? Muuguzi mzuri hatakukasirikia kwa swali hilo.